Kitufe cha Kona

Kengele ya shule ikishalia, Nimra hakuwa mtu wa kuzubaa langoni. Wenzake walibaki wakinunua karanga za moto kwa mwenye mkokoteni, yeye akakaza mwendo kupitia uchochoro wa wapaka rangi vitambaa mpaka nyumbani. Alimsalimia mama, akambusu mdogo wake mchanga kwenye paji la uso, kisha akaila chapati yake kwa pupa hata mama akamwuliza nani anamkimbiza. Hapakuwa na aliyemkimbiza. Alikuwa anawahi juu, kwenye chumba cha Shangazi Shagufta.

"Umenawa mikono?" Shangazi aliuliza bila kugeuza shingo.

"Nimenawa."

"Nionyeshe. Juzi uliniachia mafuta kwenye kibodi, nikadhani tumefungua mgahawa."

Nimra alinyoosha vidole vyake mbele ya uso wa shangazi. Shangazi alivikagua kimoja kimoja, akajifanya ananusa, akacheka. Wakaketi bega kwa bega mbele ya kompyuta, mfarishi mmoja magotini mwao wawili, kwa maana baridi ya mji wa Multan, Pakistan, ikianza huingia mpaka kwenye mifupa.

Baridi ndiyo majira ya harusi, na Shangazi Shagufta alikuwa mpanga maandishi wa kadi za harusi. Mzee Ilahi Bakhsh, mwenye duka la kadi pale sokoni, alimletea majina na tarehe, naye akayachapa na kuyapanga yakapendeza. Kazi hiyo ina ugumu wake. Kadi huandikwa kwa Kiurdu, ambacho hutoka kulia kwenda kushoto, lakini katikati yake lazima Kiingereza kijipenyeze: jina la ukumbi, namba ya barabara, na zaidi ya yote vyeo vya watu. Mwandikie daktari cheo chake kwa Kiurdu uone kama hatahisi umemvua koti mbele za watu.

Wapanga maandishi wengi hugonga kitufe kimoja kuingia Kiingereza na kukigonga tena kurudi Kiurdu. Shida ni kwamba mtu husahau yuko wapi, akainua macho na kukuta nusu ya mstari imejaa takataka. Shangazi hakuwa na shida hiyo. Marehemu mumewe alimtengenezea mpango wa namna nyingine katika kompyuta yake. Palikuwa na kitufe kwenye kona ya chini, upande wa kushoto. Ukikishika, herufi zote zinageuka za Kiingereza. Ukikiachia tu, Kiurdu kinarudi chenyewe.

"Ukikishika uko ugenini," marehemu alikuwa akimwambia. "Ukikiachia umerudi nyumbani. Huwezi kupotea."

Miaka yote shangazi alichapa hivyo, mkono wa kushoto ukishika na kuachia, wa kulia ukikimbia. Halafu majira ya joto yaliyopita kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi, tena wa kwanza kabisa, na baba yake Nimra alipenda kutania kwamba huo hata haukuondoka. Lakini mkono wa kushoto ulibaki umelala mapajani, vidole vimejikunja.

Walijaribu kila kitu. Waliweka jiwe la kusagia viungo juu ya kitufe cha kona. Jiwe lilijua kushika, ila halikujua kuachia. Ndipo siku moja Nimra, aliyekuwa amesimama pale akimenya chenza, akanyoosha kidole chake na kusema, "Niambie tu lini." Tangu hapo akawa yeye.

"Shika," shangazi alisema, na Nimra akashika. "Achia." Akaachia. Siku zilivyokwenda maneno hayo yalipungua. Shangazi akivuta pumzi kidogo tu, Nimra alikuwa tayari amekwisha kushika. Kadi ikiisha walifanya kazi aliyoipenda kuliko zote, kusoma majina kwa sauti. Chini ya kila kadi kuna orodha ya jamaa wanaomngoja mgeni kwa hamu, kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Kwenye harusi watu husamehe wali uliomwagiwa chumvi, lakini hawasamehe jina lililoachwa kwenye orodha hiyo. Shangazi alisoma kwenye skrini, Nimra akafuatisha kwenye karatasi ya mteja, na hawakuwahi kuacha hata mtoto wa kunyonya.

Daktari alikuwa ameagiza jambo lingine. Mkono ule uliolala ulitakiwa kunyooshwa kila siku, kidole kimoja kimoja, na mtu wa pili, maana mwenyewe hawezi. Shangazi alisema watafanya msimu wa harusi ukipita.

Nimra alikipenda chumba kile kuliko mahali popote. Chini, tangu mtoto azaliwe, neno lilikuwa moja tu: "Nimra, punguza sauti, mtoto amelala." Juu alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya. Alijiona mtu.

* * *

Siku moja, katika somo la kompyuta, Mwalimu Rubab aliwafundisha vitufe vinavyoshikwa pamoja na vingine. Msichana mmoja wa nyuma, aliyependa kuuliza ili kipindi kiishe, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mtu mwenye mkono mmoja je? Atashika kwa meno?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Rubab hakukasirika.

"Swali zuri, ingawa hukukusudia," alisema. "Waliotengeneza kompyuta walimfikiria mtu huyo. Tazameni." Akafungua ukurasa wa mipangilio, akawasha kitu kimoja. "Sasa kitufe cha kushikwa, ukikigonga mara mbili, kompyuta inakushikilia yenyewe. Ukikigonga tena, inaachia. Mkono mmoja unatosha."

Nimra alihisi moyo umempaa. Alitoka shule akikimbia kuliko siku zote, maneno yakimgongana mdomoni: Shangazi, iko njia! Shangazi, unaweza mwenyewe! Alifika kwenye ngazi. Hapo miguu ikapunguza mwendo bila kumwuliza. Kama shangazi anaweza mwenyewe, yeye atapanda kufanya nini?

"Mwenzio nimekungoja mpaka chai imepoa," shangazi alisema alipomwona. "Njoo. Bila kidole chako mimi ni nusu mtu."

Nimra akameza maneno yote. Nitamwambia kesho, alijisemea. Kesho ilipofika ilikuwa na kesho yake, na ile nayo ikawa na yake.

Pengine jambo hilo lingemtoka tu siku moja, kama shangazi asingeuliza. Lakini aliuliza.

"Hivi huko shuleni kwenu hamna ujanja wowote wa kompyuta kwa mtu kama mimi? Si kwamba nimekuchoka. Ila wewe una masomo yako. Hebu mwulize mwalimu wako."

"Sawa, Shangazi."

Siku chache baadaye akauliza tena. "Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza," Nimra alisema. "Amesema hakuna."

Uongo ule ulitoka laini kabisa, bila kukwama popote, na hilo ndilo lililomwogopesha. Shangazi aliinamisha kichwa.

"Basi. Mungu amenipa wewe, yatosha." Akamenya chenza kwa mkono wake mmoja, akitumia meno kidogo, akampa Nimra nusu iliyo kubwa. Nimra aliitafuna muda mrefu.

* * *

Mwisho wa wiki ile mama aliwachukua Nimra na mtoto kwenda Khanewal, kwa bibi mzaa mama, ambaye alikuwa akilalamika kwenye simu kwamba atakufa bila kumwona mjukuu. Hakuonekana mtu wa kufa. Aliwapikia halua ya karoti mpaka wakashindwa kuinuka. Jumapili mchana walirudi, na Nimra alikuwa bado hajavua viatu aliposikia sauti ya Mzee Ilahi Bakhsh kutoka juu.

"Dada Shagufta, mimi nakuheshimu, wewe wajua. Lakini hili umeniua!"

Nimra alipanda taratibu. Mzee Ilahi Bakhsh alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi. Shangazi alikuwa ameketi kitandani. Kati yao, juu ya meza, palikuwa na kadi nyekundu yenye maua ya dhahabu.

Mambo yalikuwa hivi. Malik Sajjad alikuwa akimwoza binti yake. Bwana harusi anafanya kazi ughaibuni, na likizo yake ilifupishwa ghafla, kwa hiyo harusi ikawahishwa hadi Alhamisi hii. Kadi zikahitajika Jumamosi ileile, Nimra akiwa Khanewal. Shangazi hakukataa kazi. Alikibana kitufe cha kona kwa kiwiko cha mkono wa kulia huku akinyoosha vidole vyake kutafuta herufi, amejipinda mpaka mgongo ukamuuma. Mahali fulani kiwiko kiliteleza, kikabonyeza na vitufe vya jirani, na mstari mmoja ukafutika. Yeye hakuuona. Hapakuwa na mtu wa kusoma naye majina.

Mstari uliofutika ulikuwa wa Malik Dilawar, kaka mkubwa wa Malik Sajjad, mkuu wa stesheni ya reli mstaafu. Cheo chake ndicho kilichohitaji Kiingereza, na Kiingereza ndicho kilichohitaji kiwiko.

"Kadi zimekwisha kugawiwa nusu ya mji," Mzee Ilahi Bakhsh alisema. "Baba mkubwa wa bibi harusi hayumo! Mzee amejifungia ndani. Anasema kama jina lake halimngoji mgeni, na yeye haendi. Bibi harusi analia tangu asubuhi, maana alimtaka yeye, si mwingine, amshikie Msahafu juu ya kichwa siku ya kutoka nyumbani kwao. Na Malik Sajjad anasema mzee asipokuja, atalitangaza duka langu soko zima."

"Kosa ni langu," shangazi alisema. "Nipe karatasi ya majina, nitaipanga upya sasa hivi."

"Kwa mkono gani, dada?"

Mzee Ilahi Bakhsh mwenyewe alionekana kutamani kulirudisha neno lile kinywani. Aliishika kofia yake, akaizungusha.

"Nisamehe. Lakini kuna kijana duka la pili, ana mikono miwili mizima. Mimi nina watoto wa kulisha. Nikifika sokoni nitampelekea yeye." Akaiacha karatasi ya majina pale mezani kwa kuchanganyikiwa, akashuka.

Shangazi aliutazama mkono wake wa kushoto. "Amesema kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Huu mkono umenimaliza. Nilijidanganya tu."

Nimra alimtazama. Shangazi yake, ambaye aliucheka hata ugonjwa, alikuwa ameinamisha mabega kama mgeni asiyejua akae wapi. Na dawa yake Nimra alikuwa nayo mfukoni siku zote hizo.

"Hujajidanganya, Shangazi. Mimi ndiye niliyekudanganya."

"Nini?"

"Njia ipo. Kwenye kompyuta. Unagonga mara mbili, inakushikilia yenyewe. Mwalimu alitufundisha." Machozi yalikuwa yameanza, lakini alijilazimisha kumaliza. "Tangu kabla hujaniuliza nilikuwa naijua. Na uliponiuliza nikasema hakuna."

"Tangu kabla sijakuuliza?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimejipinda jana hapa mpaka nimelia kwa mgongo, njia ikiwepo?"

"Ndiyo, Shangazi."

Shangazi aligeukia dirishani. Nje, juu ya mapaa, njiwa wa jirani walikuwa wakizunguka. Nimra angependa apigwe kofi, ingekuwa nafuu. Hatimaye shangazi aliuliza, bado akitazama nje, "Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu ungeweza peke yako," Nimra alisema. "Usingeniita tena."

Shangazi alijifuta uso kwa pembe ya ushungi, akainuka, akaketi mbele ya kompyuta.

"Iwashe hiyo njia," alisema.

Nimra aliwasha. Shangazi aligonga kitufe cha kona mara mbili kwa mkono wa kulia, polepole, bila imani. Akachapa cheo cha Malik Dilawar, herufi kwa herufi. Kiingereza kikatoka safi. Akagonga tena, na Kiurdu kikarudi kama zamani. Hakuna aliyesema shika. Hakuna aliyesema achia. Kidole cha Nimra kilikuwa mapajani mwake, hakina pa kwenda.

Shangazi alicheka, na katikati ya kicheko akalia kidogo, halafu akacheka tena. "Tazama! Mtazame bibi kizee huyu anavyokimbia!" Akachapa kadi nzima bila kupumzika. Alipomaliza akamsogezea Nimra ile karatasi ya mteja. "Usikae hapo kama mgonjwa. Soma majina. Hiyo hakuna kompyuta ya kunifanyia."

Walisoma yote, mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya pili kutoka chini kwenda juu. Malik Dilawar alikuwa wa kwanza katika orodha, mahali pake.

* * *

Waliipeleka kazi dukani kabla kijana wa duka la pili hajaanza. Mzee Ilahi Bakhsh aliitazama kadi kwenye kompyuta yake, akamtazama shangazi, akautazama mkono uliolala.

"Nani amekuchapia?"

"Mkono mmoja uliobaki," shangazi alisema. "Chapisha moja. Nitampelekea mzee mwenyewe. Akiikubali, utachapisha nyingine."

Wakapanda bajaji, wakanunua njiani kikasha cha peremende za maziwa, na jua lilikuwa bado halijazama walipobisha mlango wa Malik Dilawar. Mzee alifungua mwenyewe. Alikuwa mrefu, amenyooka, koti limefungwa vifungo vyote kama mtu anayengoja treni. Alipoona kadi nyekundu alitaka kufunga tena.

"Mzee wangu," shangazi alisema, "mimi ndiye niliyepanga kadi ile. Ndugu yako hakukusahau, ulikuwa wa kwanza kwenye karatasi yake. Mkono wangu ni mgonjwa, nikafuta jina lako bila kujua. Nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu peke yangu."

Nimra alikuwa ameambiwa asimame kimya. Alijaribu. Lakini kumsikia shangazi akiubeba mzigo wote kulimshinda.

"Si lake peke yake!" alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi nilijua njia ya kumsaidia asikosee, nikamficha. Ningesema mapema, jina lako lingekuwepo."

Mzee alimwinamia. "Ukamficha? Shangazi yako mwenyewe? Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kitufe. Niliogopa akiweza mwenyewe hatanihitaji."

Mzee aliichukua ile kadi mpya, akaivuta mbali na macho kwa sababu hakuwa na miwani, akatafuta chini. Midomo yake ilisoma jina lake na cheo chake bila kutoa sauti.

"Ile ya kwanza niliigeuza mbele nyuma," alisema mwishowe. "Nikadhani ni macho yangu. Nikaleta taa. Unajua, binti, siku niliyostaafu nilimkabidhi kijana mmoja bendera yangu. Kesho yake treni zilipita vilevile, kwa saa zilezile. Nikasema, kumbe hawakunihitaji. Sasa nilipoona kadi ile nikasema, haya, na nyumbani pia." Alikohoa, akajifanya anatazama kikasha cha peremende. "Hizi ni za duka gani? Zile za pale kona huwa na sukari mno."

"Ni za kona," shangazi alisema.

"Basi ingieni tuzile hivyohivyo." Akafungua mlango wote. "Na mwambieni Sajjad aache kelele za soko. Binti yake nitamshikia Msahafu mimi. Mikono yangu haitetemeki."

* * *

Kesho yake Nimra alirudi kutoka shule, akala chapati yake taratibu, akabaki chini. Mtoto alikuwa amelala. Alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akasikiliza kibodi ikilia juu, tak tak tak, bila kusimama. Mzee Ilahi Bakhsh alikuwa amekwisha kupita asubuhi na kazi mpya, na kijana wa duka la pili hakutajwa tena. Kila kitu kilikuwa kizuri. Nimra aliweka kidevu juu ya magoti na kujisikia mnyonge kabisa.

Kibodi ikanyamaza.

"Nimra! Umeota mizizi huko?"

"Nipo, Shangazi."

"Najua upo, nasikia unavyopumua. Mbona hupandi?"

"Si unaweza mwenyewe?"

"Nimekwambia nataka kidole? Panda huku!"

Nimra alipanda. Shangazi alikuwa ameketi kwenye jua la dirishani, si mbele ya kompyuta. Mfarishi ulikuwa magotini mwake, na upande mmoja umeachwa wazi. Nimra aliingia pale pake.

"Nikwambie neno," shangazi alisema. "Jana nilikasirika. Nimelala nalo, nimeamka nalo, sasa limepungua. Ulinidanganya, na mtu mwingine akalipia: mzee wa watu akajifungia ndani, binti wa watu akalia. Uongo haukai ulipouweka. Umeliona hilo?"

"Nimeliona."

"La pili ndilo linaloniuma zaidi. Ulidhani nakuita kwa sababu ya kitufe." Shangazi alitikisa kichwa. "Nilipata jiwe la kushika kitufe, nikalirudisha jikoni. Jiwe halinichekeshi. Jiwe haliniambii nani amelia darasani. Mtu unayempenda, ukiona njia ya kumfungua, mfungue. Usimwache amefungwa ili akae nawe. Wanaokupenda watakaa bila kufungwa. Umenielewa?"

Nimra alitikisa kichwa kukubali.

"Haya. Sasa mikono umenawa?"

"Nimenawa."

"Nionyeshe."

Nimra alinyoosha mikono yake yote miwili. Shangazi hakuikagua. Aliuinua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya viganja vya Nimra. Ulikuwa wa baridi, mzito kuliko alivyofikiri, vidole vimejikunja.

"Daktari alisema mtu wa pili," shangazi alisema. "Kompyuta nimeiuliza, imekataa. Shika."

Nimra alishika. Alikinyoosha kidole gumba polepole, akakisubiri, akakirudisha. Kikafuata cha shahada, kisha cha kati, kimoja kimoja kama daktari alivyoagiza. Jua lilikuwa linawachoma migongo vizuri. Alipofika kwenye kidole kidogo, kile ambacho zamani ndicho kilichokuwa kikishika kitufe cha kona, alihisi kitu. Alidhani ni yeye. Akatulia kabisa, asipumue.

Kidole kile kidogo kilikuwa kinamshika.

"Shangazi," alinong'ona. "Niachie?"

"Usiachie," shangazi alisema.